Nani Anawafundisha Watoto Wetu Historia?



Mara nyingi ukurasa huu huzungumzia mishahara, saa za kazi na mikataba. Leo twaomba ruhusa tuzungumze jambo la shule. Asije mtu akasema chama kimetoka katika njia yake. Mtoto anayesoma leo ndiye kibarua wa kesho, na akiingia kazini hajui wazee wake walipitia wapi, mwajiri ndiye atakayemfundisha historia, naye atamfundisha ile inayomfaa yeye mwajiri.

Siku hizi hapa pwani ya Kismayo, kama kwingineko, masomo ya historia na uraia yameanza kutolewa kwa video. Mwalimu ana simu au kompyuta, pengine na mashine ya kuazima ya kuonyeshea picha. Anatundika shuka ukutani, watoto wanakaa chini wanatazama. Sisi hatupingi. Vitabu ni ghali, na picha inayotembea huingia akilini upesi. Wengi wetu tulikimbia vita mwaka 1991 tukiwa wadogo, tukapata madarasa machache tu kambini Mombasa. Historia tuliisoma kwa kukariri maneno ya ubaoni: tarehe tulizishika, maana hatukuipata.

Lakini hivi karibuni baadhi yetu tulialikwa kutazama somo moja pamoja na watoto. Tulionyeshwa piramidi za Misri, tukaonyeshwa vita vya Wazungu, kisha bendera ya Somalia ikipandishwa tarehe 1 Julai 1960. Vizuri sana. Ila bahari haikuonekana hata mara moja. Koyama haipo, Chovai haipo, Chula haipo. Shamba la migomba halipo. Mtoto mmoja wa mvuvi akanyanyua mkono akauliza, "Mwalimu, sisi wakati huo tulikuwa wapi?" Mwalimu yule ni mtu mwema, lakini hakuwa na la kujibu. Akasema video imekwisha.

Swali la mtoto huyu ndilo lililotutia kuandika.

Yafaa tukumbuke kwamba sinema ya kufundishia si kitu kigeni katika Afrika Mashariki, na tangu mwanzo iligusa mfanyakazi. Miaka ya 1935 hadi 1937 Waingereza walifanya majaribio makubwa ya sinema huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa Marekani, yaani Carnegie Corporation. Msimamizi mmoja, Meja Notcutt, hapo awali alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge. Yeye mwenyewe ameandika kwamba wazo la sinema lilimjia akiwa shambani, alipofikiri kuwa ingesaidia kuwafanya vibarua waridhike. Tafadhali msome tena sentensi hiyo, ndugu. Hakuanza na elimu. Alianza na kibarua asiyelalamika.

Walipiga filamu juu ya chai, juu ya safura, na moja juu ya benki ya akiba ya posta. Katika hiyo ya posta mtu mmoja anafukia fedha zake chini, mwizi anazichukua. Mwenziwe anaziweka benki, anafanikiwa. Somo zuri, nani atakataa kuweka akiba? Lakini swali la kwa nini mshahara ulikuwa mdogo kiasi kile halikuwa somo la filamu ile. Na hapo ndipo penye hatari ya sinema: haisemi uongo, inachagua tu pa kuelekeza kamera, na mtazamaji hudhani dunia yote ndiyo ile aliyoonyeshwa.

Basi sisi tungeelekeza kamera wapi? Tungeanza na mto Juba. Wazee wa vijiji vya Gosha, kuanzia Jamaame hadi Jilib, ni kizazi cha watu waliochukuliwa utumwani karne ya 19 kutoka Tanganyika na Msumbiji, wakatoroka mashamba ya Shabelle, wakafyeka msitu wa mto huo na kujitawala. Wako wanaosema Kizigua mpaka leo. Kisha Mtaliano akaja na mashamba ya ndizi na pamba. Miaka ya 1930 wanaume wa vijiji hivyo walikusanywa kwa nguvu wakapelekwa kumlimia, mashamba yao wenyewe yakabaki magugu. Wazee huyaita mambo hayo "kolonya". Yalikoma Waingereza walipowatoa Wataliano mwaka 1941. Ni mtoto gani wa mfanyakazi wa shamba aliyeyasoma haya shuleni? Sisi tuliyasikia kwa bibi zetu, tena usiku, kama hadithi ya zimwi.

Halafu mpaka. Kismayo na nchi yote ya ng'ambo ya Juba ilikuwa chini ya Waingereza hadi mwaka 1925, walipowapa Wataliano kuwa malipo ya kuungana nao katika vita kuu ya kwanza. Bajuni alilala ana ndugu Kiunga na Faza, akaamka ndugu hao wako dola nyingine. Hakuulizwa. Video ya dakika kumi, yenye ramani na mzee mmoja anayejua majina ya visiwa, ingemfundisha mtoto jambo hili kuliko kurasa ishirini.

Na uraia. Hapa ndugu zetu wengine hututahadharisha kwamba mambo ya koo yataleta mgawanyiko chamani. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Katiba ya muda ya mwaka 2012, ibara ya 11, ilisema raia wote ni sawa bila kujali ukoo, kazi wala lahaja. Ibara ya 24 ilimpa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama na haki ya kugoma. Wakati huo huo viti vya bunge, tangu mkutano wa Arta mwaka 2000 na hata katika uchaguzi wa 2022, viligawanywa kwa nne na nusu: koo nne kubwa fungu zima zima, na sisi wengine wote, Bajuni na Wabantu wa mtoni tukiwemo, nusu fungu. Mtoto akionyeshwa ibara ya 11 peke yake, amefundishwa nusu. Akionyeshwa yote mawili, atauliza. Wengine wanaogopa kuulizwa, na twadhani hiyo ndiyo sababu ya video nyingi kuishia kwenye bendera.

Jambo jingine ni jinsi ya kutazama. Mwaka 1973 Tanzania ilikuwa na kampeni ya redio iitwayo "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa vikundi vikundi wakisikiliza, na kila kikundi kilikuwa na kiongozi. Redio ikizimwa ndipo mazungumzo yalipoanza, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Na redio haina picha! Sisi tuna picha tele na hatuna mazungumzo. Mwalimu asiyeweza kusimamisha video katikati na kuuliza "huyu ni nani, mbona hasemi?" afadhali aizime, awasimulie watoto kwa mdomo.

Tena lugha. Mwaka 1972 Kisomali kilipewa maandishi yake, na mwaka 1974 maelfu ya wanafunzi walipelekwa mashambani kufundisha watu kusoma. Ilikuwa kazi kubwa, na wazee wetu wengi walifaidika nayo. Lakini mtoto wa Chula anayeota kwa Kibajuni hufuata video ya Kisomali nusu nusu. Hatuombi Kisomali kiondolewe, maana ni lugha ya nchi na lazima aijue. Twaomba mwalimu aruhusiwe kueleza kwa Kiswahili pale panapokwama.

Kamati yetu imekubaliana kuanza kidogo. Tuna simu mbili zenye kamera nzuri na vijana wanaojua kuzitumia. Kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri tutamrekodi mzee mmoja: aliyefanya kazi mashamba ya ndizi, kuli wa bandarini, mvuvi wa visiwani, mama aliyesuka makuti ya kuuza. Hatutaki hotuba. Twataka atuambie alilipwa nini, nani alikuwa mnyapara, na walipokataa kazi walikataa vipi. Tutazipeleka kwa walimu watakaozitaka, bila malipo. Mwenye mzee nyumbani anayekumbuka kolonya kwa masikio ya baba yake, na amwambie katibu wa tawi lake wiki hii, kwa kuwa wazee wenyewe wamebaki wachache, na wawili tuliowaandika katika orodha mwezi wa Ramadhani tumekwisha kuwazika.