Moshi wa mashamba yetu: tubebe mzigo wetu, si wa wengine



Mwezi wa saba na wa nane kila mtu kwetu anajua namna mbingu inavyokuwa. Jua linachomoza jekundu kama kaa la moto, vilima vya mbali havionekani tena, na nguo zilizoanikwa zinaokota vipande vyeusi vya nyasi. Ni moshi wa pori na wa mashamba. Kwenye mikutano tunaulizwa: eti moshi huu njo unaoleta joto duniani? Maoni yetu ni haya: moshi wetu una sehemu yake, na sehemu hiyo ni ndogo. Lakini tunaweza kuipunguza sisi wenyewe, na faida yake itaonekana haraka, tena kwetu kwanza.

Tuanze na moshi wenyewe. Ndani yake kuna hewa ya kaboni, ambayo haionekani kwa macho, na kuna vumbi laini sana. Lile vumbi jeusi njo masizi, yale yale yanayoning'inia kwenye paa la jiko na kushika kitako cha sufuria. Kila mtu aliyevaa shati nyeusi saa sita mchana anajua kwamba rangi nyeusi inakula jua. Masizi yakiwa angani yanafanya vilevile: yanameza mwanga wa jua na kupasha joto hewa iliyo kando yake. Yakianguka juu ya barafu ya milima mirefu, barafu inakuwa nyeusi kidogo na inayeyuka upesi zaidi.

Lakini si moshi wote ni mweusi. Ule mweupe unaotoka kwenye majani mabichi unarudisha sehemu ya mwanga wa jua juu, na hivyo unapoza. Moshi wa kiangazi kutoka Kongo, Angola na Zambia unasukumwa na upepo kuelekea magharibi mpaka juu ya bahari ya Atlantiki. Kati ya mwaka 2016 na 2018, wataalamu wa NASA ya Marekani walirusha ndege kutoka Namibia na São Tomé ili kupima moshi huo unafanya nini ukikutana na mawingu. Ukikaa juu ya mawingu meupe, unameza mwanga ambao mawingu yangeurudisha, na joto linaongezeka. Ukikaa juu ya bahari tupu, unaweza kupoza. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba moto wa nyasi wa mkulima njo chanzo cha joto la dunia, mwambie hesabu si rahisi hivyo.

Tena kuna haki. Miaka ya 2011 mpaka 2020 dunia ilikuwa na joto la nyuzi kama 1,1 zaidi ya miaka ya 1850 mpaka 1900. Sababu kubwa ni hewa ya kaboni inayotoka kwenye makaa ya mawe, petroli na gazi. Katika hewa ya namna hiyo inayotoka kila mwaka, Afrika nzima inatoa chini ya 5 kwa 100. Mkulima wa mpunga wa Kasongo hawezi kubebeshwa deni la viwanda vya wengine. Hilo tunalisema wazi, ata mbele ya mashirika yanayotulipia karatasi ya gazeti hili.

Juu ya nini basi tunajishughulisha na masizi? Kwanza, juu ya wakati. Sehemu ya hewa ya kaboni inayotoka leo itakaa angani mamia ya miaka. Masizi hayakai ata mwezi: siku chache, ama juma moja au mawili, yanaanguka au yanaoshwa na mvua. Ukipunguza moto leo, hewa inasafika mapema.

Pili, juu ya shamba. Wazee wanasema majivu ni mbolea, na hawakosei: yanaacha potasi na chokaa. Lakini azoti, chakula kikubwa cha mpunga na mahindi, sehemu kubwa yake inapanda na moshi. Kila mwaka tunachoma, na kila mwaka udongo unabaki na kidogo.

Tatu, juu ya mapafu. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kwamba moshi wa ndani ya nyumba uliua watu milioni 3,2 duniani katika mwaka 2020, na zaidi ya 237 000 kati yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Wanaokaa karibu na mafiga ni wamama, na watoto waliobebwa mgongoni.

Sasa tufanye nini? Kusema tu "acheni moto" ni maneno ya mtu asiyeshika jembe. Moto unaua magugu, na moto ukiondoka palizi inaongezeka. Na palizi inamwangukia nani? Wamama. Shirika lolote linalotaka moshi upungue, letu pia, lije na vifaa vya palizi na mbegu za kunde za kufunika udongo, si mabango peke yake. Na lisigawe mbabula mpya kabla wapishi wenyewe hawajaijaribu na sufuria zao.

Upande wetu, tunaomba kila koperative iweke mambo manne kwenye mkutano wake mkuu kabla ya kiangazi.

Moja: pamoja na sultani wa kijiji, mkate tarehe ya moto wa pori. Nyasi zikichomwa mapema mwezi wa sita, zikiwa bado na ubichi, moto ni dhaifu na hauingii msituni. Moto wa mwezi wa nane unakula mpaka michikichi ya jirani.

Mbili: asichome mtu shamba bila kusafisha mkanda wa kulizunguka na bila kuita majirani wa kulinda.

Tatu: majani ya mpunga na ya karanga yasichomwe. Yatandazwe shambani au yaozeshwe. Anayeogopa ajaribu kwenye kipande kidogo, apime mavuno, alete jibu kwa wenzake.

Ine: taa ya petroli ya utambi wa wazi iachwe kila inapowezekana. Katika gramu 100 za petroli inazokula, gramu 7 mpaka 9 zinageuka masizi, ndani ya chumba ambamo watoto wanasoma. Koperative inaweza kukopesha memba taa ndogo ya jua, na yeye akalipa baada ya mavuno.

Hakuna kati ya haya kitakachopoza dunia peke yake, na asiwadanganye mtu na ahadi za pesa za kaboni. Lakini azoti inayobaki shambani ni yetu, michikichi isiyoungua ni yetu, na kifua cha mtoto kisichokohoa usiku ni chetu. Wakubwa wa dunia wana deni lao, nasi tutaendelea kulidai. Tukilidai huku pori letu haliungui ovyo, sauti yetu itasikika vizuri zaidi.