Dawa ya Ng'ambo Isomwe Kwanza

Mtu wa Lubumbashi mwenye shinikizo la damu humeza dawa kila siku, mara nyingi maisha yote. Akisikia kwamba ng'ambo ya Kasumbalesa, upande wa Zambia, dawa yake ni ya bei nafuu, nani atamlaumu akivuka? Pesa anayookoa ni chakula na masomo ya watoto.

Lakini mpaka ule ni mpaka wa lugha pia. Huku daktari anaandika kwa Kifaransa. Kule karatasi ya maelezo ni ya Kiingereza. Tena dawa moja huweza kuwa na majina mawili ya biashara. Amlor na Norvasc ni dawa ileile: amlodipine. Asiyejua aweza kumeza zote mbili akidhani zinasaidiana, shinikizo likashuka kupita kiasi. Hapo faida ya safari inaishia hospitalini.

Tangu 1953 Shirika la Afya Duniani hutoa orodha ya majina ya kimataifa ya dawa. Jina hilo, pamoja na miligramu zake, ndilo mgonjwa amwombe daktari aliandike, na ndilo alitafute kwenye boksi.

Sisi wa kitivo cha lugha tunatafsiri mashairi na hotuba. Tutafsiri pia maneno ya boksi la dawa: mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya chakula, nani asiitumie. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, uliohakikiwa na wenzetu wa tiba, ungetosha kuanzia.