Mpondwe: Tupunguze msongamano, tusifunge soko

Kila Ebola inapotajwa Kivu Kaskazini, wa kwanza kunyooshewa kidole ni mfanyabiashara wa Mpondwe. Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, maelfu huvuka kati ya Kasindi na Bwera: huyu na mawese, yule na samaki, mwingine akifuata lori la saruji ya Hima. Wenye mamlaka wakiona umati ule, shauri la kwanza huwa kufunga.

Ni kweli kwamba msongamano huupa ugonjwa nafasi, lakini magonjwa hayasafiri kwa njia moja. Surua huenea kwa hewa. Mgonjwa mmoja sokoni huambukiza wengi wasiochanjwa. Ebola huambukiza kwa kugusa majimaji ya mwili wa mgonjwa au maiti. Anayeuguza na anayezika wamo hatarini kuliko anayepishana na mgonjwa sokoni.

Mwaka 2019 ulituonyesha. Mwezi Juni, mtoto wa miaka 5 aliyetoka Congo na familia yake alifikishwa Hospitali ya Kagando, akakutwa na Ebola. Alifariki, kisha nduguye na bibi yao. Familia ilikuwa imetoka kumuuguza na kumzika mzee wao. Agosti, msichana wa miaka 9 alibainika kwenye upimaji hapo hapo Mpondwe. Ng'ambo mlipuko huo uliua zaidi ya watu 2,200, lakini wagonjwa hawa hawakumwambukiza mtu yeyote Uganda. Kilichosaidia ni upimaji, wahudumu waliokwisha kuchanjwa na kufuatilia waliokaribiana na wagonjwa.

Soko likifungwa, mwenye mkopo na watoto hakai nyumbani. Atapita njia za panya, ambako hakuna kipimajoto wala maji ya kunawa. Umati haujapungua, umejificha.

DRC ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Basi Kampala na Kinshasa zikubaliane mambo matatu: kuongeza siku za soko ili watu wapungue kila siku; kuongeza milango ya kuvukia, yenye maji na sabuni; na kuweka wapimaji kwenye njia za panya bila kumkamata anayejitokeza.

Nasi wafanyabiashara tuna wajibu wetu. Mwenye homa aliyetoka msibani asivuke na mzigo. Aseme. Lakini atasema tu akijua kwamba hatapoteza bidhaa zake kwa kusema ukweli.