UCHAMBUZI: Fundi wa Matungu aulize viza ni ya nani kabla ya kuuza shamba

KWA miaka mingi, kijana wa Matungu aliyejua kuchomelea vyuma, kuunganisha nyaya za umeme au kukarabati trekta hakuhitaji kuvuka bahari ili apate mshahara. Kiwanda cha sukari cha Mumias, kilichoanza kusaga miwa mnamo 1973, kilikuwa jirani yake. Kilipowekwa chini ya meneja mrasimu Septemba 2019, si mkulima wa miwa pekee aliyeumia, bali pia fundi aliyeishi kwa kazi zilizozunguka kiwanda hicho. Hata baada ya kukodishwa kwa kampuni ya Sarrai mwishoni mwa 2021, pengo hilo halikuzibika.

Si ajabu basi kwamba kuanzia Koyonzo hadi Mayoni, vijana wengi sasa wameelekeza macho ng'ambo. Wanayoyatamani yanaonekana katika hesabu za taifa: mnamo 2024, Wakenya walio nje walituma nyumbani zaidi ya dola bilioni 4.9 za Marekani.

Hata hivyo, swali linaloulizwa sana, yaani nchi gani hutoa viza upesi, si swali la kwanza. La kwanza ni hili: je, viza hiyo imefungwa kwa mwajiri au imejengwa juu ya ujuzi wa fundi mwenyewe?

Mlango ulio karibu zaidi ni wa nchi za Ghuba. Huko, kwa desturi ya kafala, mwajiri ndiye anayemdhamini mgeni, na kibali cha kuishi nchini hutegemea mkataba wake. Ni kweli kuwa kumekuwa na mageuzi. Mnamo 2020, Qatar iliondoa sharti la mfanyakazi kupata idhini ya mwajiri kabla ya kuhamia kazi nyingine, na Machi 2021 ikaweka mshahara wa chini kabisa wa riyal 1,000 kwa mwezi, takriban Sh35,000. Saudi Arabia nayo ililegeza masharti Machi 2021, ingawa watumishi wa nyumbani waliachwa nje ya mageuzi hayo. Mlango huu hauhitaji vyeti vingi, na hapo ndipo penye mtego. Fundi stadi asiye na karatasi huingia kama kibarua na kulipwa kama kibarua.

Mlango wa pili ni wa Ujerumani. Mkataba wa uhamiaji na ajira uliotiwa saini mjini Berlin Septemba 13, 2024, wakati wa ziara ya Rais William Ruto, ulizua uvumi kwamba Wakenya 250,000 wangepewa kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha mara moja. Mkataba huo hauna idadi yoyote, wala haumwondolei mwombaji masharti ya sheria za nchi hiyo.

Masharti yenyewe yanaeleweka. Kadi ya Fursa, iliyoanza kutolewa Juni 2024, humruhusu mtu kuingia Ujerumani na kutafuta kazi kwa hadi mwaka mmoja. Lakini ni lazima awe na shahada au mafunzo ya ufundi ya angalau miaka miwili yanayotambuliwa na nchi alikosomea, ajue Kijerumani cha mwanzo au Kiingereza cha kiwango cha juu, na athibitishe kuwa ana zaidi ya yuro 1,000 za kujikimu kwa kila mwezi. Kwa mwaka mzima, hizo ni zaidi ya Sh1.5 milioni. Kijana aliyemaliza sekondari juzi huenda akafaidika zaidi na njia ya uanagenzi, ambapo husoma ufundi huku akilipwa posho, mradi ajifunze Kijerumani vya kutosha kwanza.

Uingereza imebana. Tangu Julai 22, 2025, viza ya wafanyakazi stadi hudai kazi za kiwango cha shahada na, kwa kawaida, mshahara usiopungua pauni 41,700 kwa mwaka. Kazi chache za ufundi zilisazwa katika orodha ya muda iliyowekwa hadi mwisho wa 2026. Canada nayo ina mpango maalum wa mafundi, lakini hutaka uzoefu wa miaka miwili katika mitano iliyopita, mtihani wa lugha, na ama ahadi ya kazi ama cheti cha ufundi cha mkoa wa huko.

Anayeahidi njia ya mkato hukwepa haya yote. Novemba 2025, Wizara ya Mambo ya Nje ilisema Wakenya zaidi ya 200 huenda walikuwa wamejiunga na jeshi la Urusi, baadhi yao wakiwa wamevutwa kwa ahadi za kazi za kawaida. Ghali kuliko nauli ni kufika usikokusudia.

Sheria zetu hazikumwacha fundi mtupu. Sheria ya Ajira ya 2007 inataka mkataba wa kazi ya nje uidhinishwe na afisa wa leba, baada ya kuhakikisha kuwa mfanyakazi ameuelewa na hakulaghaiwa. Aidha, Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira huweka orodha ya mawakala waliosajiliwa. Asiyemo humo hastahili hata shilingi moja.

Linalobaki ni karatasi. Fundi aliyejifunzia kazi kwenye karakana ya jua kali anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA, na tangu 2024 kuna sera ya kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa. Lakini cheti cha mtihani wa siku chache hakichukuliwi kila mahali kuwa sawa na kozi ya miaka miwili katika taasisi kama Sigalagala. Serikali ya kitaifa na ile ya Kaunti ya Kakamega zingemfaa kijana huyu zaidi kwa kumletea mitihani hiyo na masomo ya lugha karibu na nyumbani, kuliko kwa kumtangazia nafasi za kazi ambazo hana cheti cha kuziombea.

Hadi hapo, mzazi anayewaza kuuza ekari moja ya miwa ili kumlipa wakala na alinganishe bei hiyo na karo ya chuo. Viza ya mwajiri huisha mkataba unapokatika. Cheti hubaki mkononi mwa mwenyewe, awe Doha, Berlin au Matungu.