Mlango Usifungwe kwa Anayerudi



Katika mashirika yetu kuna neno ambalo nimelisikia mara nyingi, na mimi mwenyewe nimelisema: «Yule amekwisha kupotea.» Twalisema juu ya kijana aliyeacha kwaya akaenda machimboni. Twalisema juu ya binti aliyehamia mjini akaacha kuonekana kwenye Misa, na juu ya mwanamuziki aliyekuwa mtumishi wa altare na ambaye sasa anaimba katika mabaa. Twalisema kwa huzuni kidogo na utulivu mwingi, kama watu waliokwisha kufunga kitabu cha hesabu. Leo nataka kulipinga neno hilo, na shahidi wangu ni mzee mmoja wa sinema, Mkatoliki wa Marekani aitwaye Martin Sheen.

Baadhi yenu mmemwona akiigiza Rais wa Marekani katika mfululizo wa televisheni The West Wing, uliorushwa tangu 1999 hadi 2006. Wazazi wenu huenda walimwona katika Apocalypse Now ya mwaka 1979. Filamu hiyo ina mzizi kwetu, kwa maana ilitokana na riwaya ya Joseph Conrad, aliyesafiri katika mto wetu Kongo mwaka 1890. Watengenezaji wa filamu waliuhamisha mto ule hadi Asia, katika vita vya Vietnam. Lakini simleti mzee huyu mbele yenu kwa sababu ya umaarufu wake. Namleta kwa sababu aliondoka, akarudi, na aliporudi alimkuta mtu wa kumfungulia.

Alizaliwa mwaka 1940 katika mji wa Dayton, jimbo la Ohio, akapewa jina la Ramón Estévez. Baba yake alikuwa mhamiaji kutoka Galicia, Hispania. Mama yake alitoka Ireland. Familia ilikuwa ya watoto kumi. Wakati wa kuzaliwa mkono wake wa kushoto uliumizwa na koleo la wazalishaji, wala haukupona kabisa. Mama yake alifariki Ramón akiwa bado mtoto. Baba hakutaka mwanawe awe mwigizaji, alitaka asome. Hata hivyo, mwaka 1959 kijana alishika njia ya New York, na sehemu ya nauli alikopeshwa na padri. Zingatieni jambo hilo: wakati baba alipokuwa na mashaka, mtu wa Kanisa hakumwambia kwamba kuigiza ni kazi ya shetani. Alimpa mkopo.

Huko New York aliona kwamba jina la Kihispania linamfungia milango ya kazi. Akajitengenezea jina la jukwaani, na sehemu ya pili, Sheen, aliichukua kutoka kwa Askofu Fulton Sheen, mhubiri maarufu wa televisheni siku zile. Katika karatasi za serikali hakulibadilisha jina lake kamwe. Hata hivyo, katika uzee wake amesema wazi kwamba anajuta kuliacha jina la baba yake mbele ya watu, na mwanawe Emilio alipoingia katika sinema, alimhimiza abaki Estevez.

Sisi Wakongomani twajua uzito wa jina. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulikataza majina ya Kikristu, na Kardinali Malula, aliyeipinga siasa ile, akalazimika kukaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Sisi tuliobatizwa miaka ile tulikuwa na jina moja kwenye karatasi za serikali na jingine katika kitabu cha parokia. Twajua basi kwamba mtu aweza kuishi na jina la nje bila kulisahau la ndani. Msimhukumu upesi rafiki yenu ambaye mjini anaitwa kwa jina msilolijua. La ubatizo bado limeandikwa.

Kazi ilikuja, na sifa zikaja. Imani ilififia polepole, kama taa inayopungukiwa mafuta. Ndivyo inavyokuwa mara nyingi, bila ugomvi na bila tangazo. Mwezi wa Machi 1977, akiwa Ufilipino katika utengenezaji wa Apocalypse Now, alishikwa na ugonjwa wa moyo karibu afe. Alikuwa na umri wa miaka 36 tu. Mtu angedhani kwamba hapo hapo alimrudia Mungu. Sivyo. Hofu ya kifo ilimgusa, lakini ilichukua miaka minne mingine. Katikati ya muda huo alikwenda India kuigiza katika filamu juu ya Gandhi, akakutana uso kwa uso na umaskini wa watu wengi. Kisha akafika Paris, akamkuta Terrence Malick, aliyekuwa amemwongoza katika filamu ya Badlands. Malick alizungumza naye, akampa kitabu cha Dostoyevsky kiitwacho Ndugu Karamazov. Hakumhubiria sana, alimpa kitabu, akamwachia nafasi.

Ndipo siku moja ya mwaka 1981 Sheen alikwenda kwenye kanisa la Mtakatifu Yosefu mjini Paris, akabisha mlango. Padri akafungua. Mgeni akasema kwamba amekuwa mbali na Kanisa kwa muda mrefu, naye anataka kuungama. Tangu hapo hakuondoka tena. Imani yake ilimpeleka mpaka barabarani, kupinga silaha za nyuklia na kuwatetea maskini, hata akakamatwa na polisi mara zaidi ya 60.

Kila ninapofikiri juu ya mlango ule wa Paris, nakumbuka mlango mwingine, nami naona haya kuusimulia. Miaka kadhaa iliyopita, kijana niliyemfundisha katekisimu alirudi parokiani kwetu baada ya miaka mingi machimboni. Alisimama nyuma ya kanisa, karibu na nguzo ya mwisho. Baada ya Misa nilimwendea, na neno langu la kwanza halikuwa salamu. Nilimwuliza kama anajua michango ya shirika anayodaiwa ni ya miaka mingapi. Nilisema kwa kucheka, nikidhani ni utani. Alitabasamu, akasema: «Ndiyo, mwalimu, najua.» Jumapili iliyofuata hakuja. Hajarudi mpaka leo. Yeye alibisha, nami nilifungua. Lakini nilifungua nikiwa na kitabu cha madeni mkononi.

Najua wengine mtanipinga. Mtasema: «Mwalimu, tukimpokea kila mtu kwa tabasamu, si tutakuwa tumeubariki ulevi na uzinzi? Na vijana waliobaki waaminifu watafikiri nini?» Swali hilo ni la haki, na mzee wetu wa sinema alilijibu kwa maisha yake, tena kwa uchungu. Mwanawe mwingine, Charlie, naye mwigizaji mashuhuri, alitekwa na dawa za kulevya. Mwaka 1998, baada ya mwana kuponea chupuchupu, baba hakumficha wala hakumsingizia maradhi mengine mbele ya watu. Charlie alikuwa chini ya masharti ya mahakama, na baba mwenyewe ndiye aliyewajulisha wakuu wa sheria kwamba ameyavunja, ili alazimishwe kutibiwa. Magazeti yote yaliandika. Mwana alikasirika sana.

Je, kitendo kile kilikuwa kufunga mlango? Hapana. Baba aliyemshtaki ndiye aliyebaki kumngojea. Mwana alianguka tena, si mara moja, na baba alimngojea tena. Baadaye Charlie amesema hadharani kwamba ameacha pombe tangu mwishoni mwa 2017. Hesabuni wenyewe: karibu miaka ishirini. Upendo wa kweli husema «hapana» kwa kosa, na bado huweka sahani mezani. Sisi mara nyingi twafanya kinyume: twanyamaza juu ya kosa rafiki akiwa nasi, maana twaogopa kumkosa, akisha kuondoka, twalisema kosa lake katika kila mkutano.

Mwaka 2010 baba huyu na mwanawe Emilio walitoa filamu iitwayo The Way, yaani Njia. Emilio aliiandika na kuiongoza, akaitoa kwa heshima ya babu yake Francisco. Ni habari ya daktari wa macho, Mmarekani, asiyeelewana na mwanawe wa pekee. Mwana anakufa milimani, mwanzoni mwa hija ya kwenda Santiago de Compostela. Baba anakwenda Ufaransa kuchukua maiti; badala ya kurudi nyumbani, anaubeba mkoba wa mwanawe na majivu yake, anatembea kwa miguu njia yote ambayo mwana hakuimaliza, kilomita zipatazo 800. Santiago iko Galicia, nchi ile ile aliyotoka baba yake Sheen. Mtoto aliyeficha jina la baba yake alirudi uzeeni kwa miguu katika ardhi ya baba yake.

Katika filamu ile baba anachelewa. Anaanza kumjua mwanawe wakati mwana hawezi tena kumjibu. Hilo ndilo ninalowaombea lisiwapate. Wengi wa wale tunaosema wamepotea bado wako hai, na namba zao za simu mnazo.

Basi nawaomba mambo matatu. La kwanza: katika mkutano wenu ujao, andikeni majina ya vijana watano waliokuwa nanyi na ambao hawaonekani tena. Someni majina hayo katika sala za waamini, bila kueleza makosa yao. La pili: kila jina lipate mtu mmoja wa kulitafuta. Asiende na lawama wala mwaliko wa sherehe. Aende kusalimia, aulize habari za mama na za kazi, asikilize. Padri wa Dayton alitoa nauli, Malick alitoa kitabu, padri wa Paris alifungua mlango. Hakuna mmoja aliyefanya yote, na hakuna aliyeona mwisho wa kazi yake siku ile ile. La tatu: siku mwenzenu atakaposimama karibu na nguzo ya mwisho, yeyote atakayemwona kwanza amsogelee, amwite kwa jina lake, amwonyeshe pa kukaa. Mambo ya michango na ya nidhamu yana siku yake na mahali pake.

Mimi nimekwisha kuandika jina la kwanza katika orodha yangu. Juma hili nitafunga safari kwenda machimboni kumtafuta, na sitabeba kitabu cha michango. Niombeeni nimkute, na akinikuta mlangoni pake, yeye anifungulie.