Chumvi Haimalizi Mbu, Inatuletea Wengine

Haya wasee, leo tuongee kuhusu viluwiluwi. Usipite kwanza.

Mjomba wangu analima mpunga kule Ozi, karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini. Wazee wa huko hutegemea maji kujaa: bahari ikipanda inasukuma nyuma maji matamu ya mto, yanaingia mashambani yenyewe. Lakini mto ukikosa nguvu, kinachoingia ni chumvi. Mpunga unaungua, miembe inakauka. Juzi jirani yake akajiliwaza, ati "Angalau mbu watakufa." Mjomba akacheka. Mimi sikuwa na jibu siku hiyo. Leo ninalo.

Mdudu wa maji matamu ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji anayoishi. Maji humwingia bila hodi, kwa hivyo kila saa anakojoa maji na kuokota chumvi kidogo kidogo, wengine kwa matamvua, kiluwiluwi wa mbu kwa vifuko vidogo vilivyo mkiani. Sasa ongeza chumvi kwa hayo maji. Bahari ina gramu 35 hivi za chumvi kwa lita. Damu ya mdudu huyu ni kama theluthi ya hapo. Hata kabla maji hayajafika kiwango hicho, nguvu alizokuwa akuzie mwili zinaishia kupigana na chumvi. Anachelewa kukua, ama anatoka mdogo, ama anakufa. Kati ya wa kwanza kupotea ni wale mabuu wa mtoni wenye mikia mitatu, ambao wakishapata mabawa huishi siku moja mbili tu. Hao ni chakula cha samaki, bana.

Na mbu je? Mbu wa malaria si mmoja. Anopheles gambiae huzaliana kwa maji matamu, na kweli chumvi inamtesa. Lakini hapa Pwani ana binamu yake, Anopheles merus. Kiluwiluwi wa huyu anakunywa maji ya chumvi halafu anaikojoa chumvi yenyewe. Na akikuuma, malaria ni ile ile.

Kwa hivyo tukubaliane: chumvi inaua wadudu tunaowahitaji na kumwandalia nafasi mbu mwingine. Unapoteza mpunga, samaki wanapungukiwa na chakula, na neti bado huwezi kuitoa kitandani.

Maoni yangu ni haya. Kati ya 1968 na 1988 tulijenga mabwawa matano juu ya Tana, kuanzia Kindaruma hadi Kiambere. Stima tunaitumia sote, hata mimi hapa na simu yangu. Lakini anayeamua maji mangapi yaachiliwe anafaa kujua chumvi imepanda mto hadi wapi. Si kazi ngumu: kipimo cha chumvi, wavu mdogo na beseni jeupe, kila bamvua, sehemu zile zile. Kipimo kitakuambia chumvi ya leo. Wadudu watakuambia miezi iliyopita ilikuwaje, juu wao hawakutoka majini.

Tukingoja hadi mwembe ukauke ndio tuamini, tutakuwa tumechelewa sana. Mwembe ni wa mwisho kulalamika. Kiluwiluwi alisema mapema, ni vile hakuna aliyeinama kumwangalia.

Mjomba, jibu la jirani ndilo hilo. Na neti usiitoe.