Nani Atasafiri Nao? Hoja kuhusu Kocha Mwanamke na Timu za Wasichana

Mjadala kuhusu mwanamke na michezo umechukua nafasi kubwa katika kumbi za taaluma na katika kurasa za magazeti yetu. Aghalabu mjadala huo hujikita katika mchezaji: avae nini, alipwe kiasi gani, apewe uwanja upi. Makala hii inanuia kumwangazia mtu mwingine, yule anayesimama kando ya uwanja, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayeamua iwapo mchezaji huyo atafika uwanjani au la. Huyo ni kocha mkuu. Hoja yangu ni kwamba timu ya wasichana isiyo na mwanamke katika uongozi wake hupoteza wachezaji kabla ya kipenga cha kwanza kulia, na kwamba sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna wajibu wetu katika kulirekebisha jambo hili.

Nitaanza na mahali ninapopajua. Kinna ni mji mdogo katika Kaunti ya Isiolo, karibu na Mbuga ya Kitaifa ya Meru. Wakazi wake wengi ni Waborana, wafugaji na Waislamu. Kabla ya kurejea chuoni kwa masomo ya uzamili, nilifundisha Kiswahili kwa mihula minne katika shule moja ya eneo hilo. Kama ilivyo desturi ya shule zenye walimu wachache, nilikabidhiwa pia timu ya voliboli ya wasichana. Cheti cha ukocha sikuwa nacho. Nilikuwa nimeichezea timu ya chuo, basi.

Anayeitazama Kinna kutoka mbali hudhani kwamba kizingiti cha kwanza ni dini au mila. Niliyoyakuta ni tofauti. Wazazi niliowaendea kuomba ruhusa ya binti zao kushiriki mashindano nje ya mji hawakuniuliza iwapo mchezo ni halali au haramu. Waliniuliza maswali matatu: watavaa nini, watalala wapi, na nani atasafiri nao? Mzee mmoja, baba wa mchezaji wetu hodari kuliko wote, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwalimu, mimi sina neno na mpira. Mwaka jana nilikataa kwa sababu watu wazima wote garini walikuwa wanaume. Wewe ukienda, naye ataenda."

Tuyatafakari maneno hayo. Mwaka uliotangulia, msichana yule alihesabiwa miongoni mwa wale waliozuiwa na mila. Kumbe hakuzuiwa na mila. Alizuiwa na orodha ya wasafiri. Kilichoitwa tatizo la utamaduni kilikuwa tatizo la ajira na mipango, nalo lina tiba. Isitoshe, swali la mzee yule si la Waborana peke yao. Mzazi wa Nairobi, wa Kisumu au wa Mombasa angefaa kuliuliza pia, maana magazeti yetu yamewahi kuripoti visa vya wasichana walionyanyaswa na watu waliokabidhiwa timu zao. Simaanishi kwamba kila kocha mwanamume ni wa kushukiwa; walio wengi wamejitolea muda na fedha zao kwa timu ambazo hakuna mwingine aliyezitaka. Ninachosema ni kwamba mzazi anayeuliza nani atasafiri na mwanawe anastahili jibu, wala hastahili kuitwa mshamba.

Suala la mavazi nalo lina funzo. Kwa miaka kadhaa, kilichomzuia msichana mwenye hijabu kucheza soka ya kimataifa hakikuwa msikiti wa kijiji chake bali kanuni za mchezo wenyewe. Mwaka 2011 timu ya wanawake ya Iran ilizuiwa kucheza na Jordan katika mechi ya kufuzu kwa Olimpiki kwa sababu ya vazi la kichwani. Ruhusa rasmi ilitolewa mwaka 2014. Mwaka 2023, Nouhaila Benzina wa Morocco akawa mchezaji wa kwanza kuvaa hijabu katika fainali za Kombe la Dunia la wanawake. Tukisema wasichana wa kaskazini walichelewa kuingia mchezoni, tuulize pia ni nani aliyekuwa ameufunga mlango.

Kaskazini mwa Kinna, katika Kaunti ya Marsabit, wapo waliokwisha kuonyesha njia. Wakili Fatuma Abdulkadir Adan alianzisha shirika la HODI mwaka 2003, akatumia soka kuwakutanisha vijana wa jamii zilizokuwa zikipigana. Baadaye akawaingiza wasichana uwanjani, wakacheza wakiwa wamejisitiri, na mchezo ukawa jukwaa la kuzungumzia ndoa za mapema na ukeketaji. Mwaka 2011 alitunukiwa Tuzo ya Amani ya Stuttgart nchini Ujerumani. Jambo la kuzingatia ni kwamba aliyewaendea wazee kuwaomba ruhusa alikuwa binti wa Marsabit, aliyejua ni neno gani huanza na ni neno gani hufuata.

Ujuzi wa namna hiyo ni sehemu ya kazi ya kocha, ingawa hauandikwi katika mitaala ya ukocha. Katika Kinna, mazoezi ya wasichana yana dirisha dogo kati ya swala ya alasiri na ya magharibi, na katika dirisha hilo hilo kuna maji ya kuteka na mbuzi wa kurejesha zizini. Kocha asiyejua hayo atamwona msichana aliyechelewa kuwa mtoro, naye atamwondoa kikosini. Kuna pia masuala ya hedhi. Mwaka 2017 Kenya ilirekebisha Sheria ya Elimu ya Msingi ili wasichana shuleni wapewe sodo bila malipo, lakini sheria haiwezi kumfanya msichana wa miaka kumi na mitano amweleze mwalimu wa kiume kwa nini leo hawezi kuruka. Atasema anaumwa na kichwa. Akisema hivyo mara tatu, ataitwa mvivu.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba ukocha ni uwezo, si jinsia. Nakubaliana nao kabisa, na ndiyo sababu nauliza: mbona uwezo huo hutafutwa upande mmoja? Katika fainali za Kombe la Dunia la wanawake za mwaka 2023, Afrika iliwakilishwa na timu nne, na ni moja tu, Afrika Kusini, iliyoongozwa na mwanamke, Desiree Ellis. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameipa nchi yake Kombe la Afrika. Hapa kwetu, timu ya kwanza ya soka ya Kenya kufika fainali zozote za Kombe la Dunia ilikuwa ya wasichana wa chini ya umri wa miaka 17. Ilikwenda Jamhuri ya Dominika mwaka 2024 chini ya kocha Mildred Cheche, na huko ikaishinda Mexico mabao 2-1. Timu za wanaume, pamoja na makocha wote walioajiriwa kutoka ng'ambo kwa miaka mingi, zilikuwa hazijafika huko. Anayedai kwamba wanawake wenye uwezo hawapo hajawatafuta.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kupanua michezo ya wanawake kutaleta makocha wanawake kwa yenyewe. Marekani inatupa tahadhari. Wakenya wengi walimfahamu Angella Okutoyi mwaka 2022 aliposhinda taji la Wimbledon la wasichana chipukizi wachezao wawili wawili, akishirikiana na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Baadaye alijiunga na timu ya tenisi ya wanawake ya Chuo Kikuu cha Auburn nchini Marekani. Timu kama hiyo, yenye ufadhili wa masomo na kocha mkuu anayelipwa mshahara, ni tunda la sheria ya mwaka 1972 iitwayo Title IX, ambayo ilipiga marufuku ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali kuu. Sheria hiyo iliongeza wachezaji wanawake maradufu na zaidi. Lakini tazama kilichotokea kando ya uwanja. Kabla ya sheria, zaidi ya asilimia 90 ya makocha wa timu za wanawake vyuoni walikuwa wanawake, wengi wao wakilipwa kidogo au wasilipwe kabisa. Kufikia mwaka 2014 walikuwa wamepungua hadi takriban asilimia 43. Kazi ilipopata mshahara na heshima, wanaume waliitaka, na walioajiri wakawapa.

Funzo kwa vyuo vyetu ni wazi. Leo timu nyingi za wasichana, iwe ni tenisi, voliboli au mpira wa pete, hazina fedha, na ukocha wake ni mzigo unaobebwa na mwalimu yeyote aliye karibu. Fedha zitakapokuja, na naamini zitakuja, tuwe tumekwisha kuwaandaa wanawake wa kuziongoza. Tusipofanya hivyo, tutapanda sisi na kuvuna wengine.

Sasa nigeukie uwanja wetu wenyewe, yaani lugha. Kiswahili hakimbagui mtu kwa jinsia katika sarufi yake. Tukisema "amefunga bao" au "anawafundisha", msikilizaji hajui kama ni mwanamume au mwanamke, na neno "kocha" limeingia katika ngeli ya A-WA bila kuuliza lolote. Lakini matumizi yetu yamejenga ukuta ambao sarufi haikuujenga. Twaandika "kocha mwanamke", ilhali ni nadra mno kukuta "kocha mwanamume". Hata makala hii haina budi kulitumia tamko hilo, kwa kuwa bila hilo wasomaji wengi wangemwona mwanamume.

Zaidi ya hayo, kurasa za michezo za Kiswahili nchini Kenya zimezoea kuwaita wachezaji wa kike "vipusa", na kocha wao "mnoaji". Kipusa ni pembe ya kifaru, na kwa sitiari ni msichana mrembo. Ni sitiari ya pambo lenye thamani, lakini pambo halinolewi. Kinachonolewa ni kisu. Sitiari hizi mbili zikikutana katika sentensi moja zinagongana, nasi twasoma tu bila kushtuka. Timu ya wanaume haijawahi kuitwa "watanashati wa Harambee Stars", na mwandishi angeiita hivyo mhariri wake angedhani anatania. Msichana wa Kinna anayesoma gazeti katika maktaba ya shule anajifunza kutokana na neno hilo kwamba anayetazamwa ni sura yake, si mkono wake unaopiga mpira. Je, mtu anayeitwa kipusa leo ataombwa kesho kuongoza kikosi?

Kuna watakaosema kwamba mwanamke kuwa kiongozi wa wasichana ni jambo geni kwa utamaduni wetu. Wanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ndio wenye jibu. Katika jamii za pwani, kungwi na somo walikuwa wanawake waliopewa dhamana ya kumfunza mwari na kumtoa akiwa mtu mzima. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wosia wa mama kwa bintiye. Wahakiki wameyabishania mafunzo yake, lakini hawabishani kwamba anayefunza ni mwanamke na kwamba anazungumza kwa mamlaka. Nao wahenga walinena kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Utamaduni unaomkabidhi mwanamke malezi ya msichana hauwezi, bila kujipinga, kumnyima mwanamke huyo kipenga.

Nini kifanyike basi? Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila taasisi inayosajili timu ya wasichana katika mashindano ihakikishe kuna mwanamke katika benchi la ufundi mwenye sauti katika uteuzi wa kikosi, asiwe wa kubeba chupa za maji na kuhesabu jezi. Pale asipopatikana mwenye sifa za kuwa kocha mkuu, awekwe msaidizi atakayefundishwa kazi kwa muda maalumu, kisha aachiwe timu. Pili, vyuo vikuu viwafunze ukocha wachezaji wao wa kike kabla hawajahitimu. Wengi wao watakuwa walimu, na watapelekwa shule kama ile niliyofundisha, ambako mwalimu mkuu atawauliza siku ya kwanza iwapo wanaweza kushika timu. Wajibu "ndiyo" wakiwa na cheti mkononi.

Tatu, na hili latuhusu moja kwa moja, chama chetu kiandike mwongozo wa ukocha kwa Kiswahili. Miongozo mingi iliyopo ni ya Kiingereza, na msamiati wake haujasanifiwa kwetu: mwalimu mmoja husema hivi, mwenzake vile, na mchezaji hubaki akifuata ishara za mikono. Tunaandika tasnifu juu ya uundaji wa istilahi za sayansi na sheria. Istilahi za kuanzisha mpira, kuupokea, kuunyanyua na kuuzuia wavuni zinaweza kukusanywa na wanafunzi kumi katika muhula mmoja, zikajaribiwa uwanjani pamoja na timu za chuo, kisha zikachapishwa kijitabu cha kurasa arobaini. Nimewahi kuwafundisha wasichana ambao lugha yao ya kwanza ni Kiborana kwa maelezo niliyoyatafsiri usiku uliotangulia, na najua kazi ambayo kijitabu hicho kingefanya.

Naliwasilisha pendekezo hili la tatu kwa kamati ya chama ili lijadiliwe katika mkutano mkuu ujao. Walio tayari kukusanya msamiati wa voliboli, tenisi na mpira wa pete na wajiandikishe mapema. Msimu wa mashindano ya shule hausubiri tumalize tasnifu, na huko Kinna kuna mzazi ambaye bado anauliza nani atasafiri na binti yake.